Kijana Akinyamaza, Tumsikilize



Mama mmoja wa huku kwetu Mkokotoni alikuja kituoni na mwanawe wa miaka 15. Mtoto alilalamika kichwa na tumbo. Hali, halali, na skuli haendi. Tulimpima malaria, hana. Mara mbili nilimpa dawa ya maumivu, wakarudi nyumbani. Hapo nilikosea, kwani sikumwuliza habari za moyoni mwake.

Mara ya tatu nilimwomba mama akae nje kidogo. Nikasema, "Mdogo wangu, una nini?" Alinyamaza sana. Kisha akaniambia kwamba ameanguka mtihani, na baba yake humwita mpumbavu mbele ya wadogo zake. "Bora nisingekuwepo," alisema.

Je, huo ni utundu? La. Ni maumivu, kama jino linavyouma.

Shirika la Afya Duniani linahesabu umri wa balehe kuwa miaka 10 hadi 19. Wakati huo mwili hubadilika upesi. Ubongo nao bado unakua. Sehemu ya ubongo inayopima mambo hukomaa mwisho, baada ya miaka 20. Ndiyo maana kijana hukasirika haraka na kuona haya. Shirika hilo linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri huo ana tatizo la afya ya akili.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwari alikuwa na somo wake, wa kumwambia asiyoweza kumwambia mama. Matibabu ya mazungumzo yanakaribiana na hayo. Mtu aliyefundishwa humsikiliza kijana, huweka siri yake, na humsaidia kutafuta njia. Siri hutolewa tu maisha yakiwa hatarini. Wazazi nao huitwa wajifunze kusema na mtoto wao. Kutibiwa hivi si wazimu wala si aibu.

Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amefundisha mabibi kukaa bentini na kusikiliza wenye huzuni. Kenya, vijana waliofundishwa na shirika la Shamiri huzungumza na wanafunzi wa sekondari. Uchunguzi umeonyesha kuwa huzuni na wasiwasi wa wanafunzi hao vilipungua.

Mzazi, fanya haya:

1. Zungumza na mwanao mkiwa kazini pamoja, mkitengeneza nyavu au mkipika.
2. Sikiliza mpaka amalize. Usimkatize.
3. Usimtukane wala kumpiga. Kemea kosa, usimdharau mtoto.
4. Akisema anataka kufa, mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Mjini ipo hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu.

Yule mtoto nilimwuliza hivyo, akakubali kuwa amefikiri. Nilimweleza kwamba lazima mama yake ajue. Siku ile ile walikwenda hospitali. Baadaye baba naye aliitwa. Mwanzo alikasirika, mwisho akasema, "Mimi nililelewa hivyo hivyo." Sasa mtoto amerudi skuli. Bado ana siku za huzuni, lakini anazisema.

Jadilini darasani: Nani kijijini kwenu kijana anaweza kumweleza siri yake?