Damu ya mtoto huanza mapema: wahi kliniki

Je, wajua kwamba damu ya mtoto huanza kutengenezwa kabla akina mama wengi hawajatambua kuwa ni wajawazito?

Katika wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, yaani hedhi ikiwa imechelewa kama wiki moja tu, chembe za kwanza za damu hutokea katika kifuko kidogo kando ya mtoto. Wakati huohuo mishipa ya damu huanza kuchipua ndani ya kondo la nyuma, mfano wa mizizi. Karibu na siku ya 22 moyo wa mtoto huanza kupiga, na baadaye kidogo huungana na mishipa hiyo kupitia kitovu.

Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Damu ya mama huzunguka mizizi hiyo, nayo hufyonza chakula na hewa. Kondo likidhurika, mtoto hukosa chakula hata kama mama anakula vizuri.

Hapa Uganda adui mkubwa wa kondo ni malaria. Vimelea hujificha humo. Unaweza kuwa huna homa, na damu ya kidole isionyeshe kitu, kumbe vimo. Mama huishiwa damu, mimba huweza kutoka, au mtoto huzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Mimba ya kwanza ina hatari zaidi.

Ufanye nini?

1. Nenda kliniki kabla ya kufikisha wiki 12 tangu hedhi ya mwisho.
2. Meza kila siku vidonge vya kuongeza damu unavyopewa.
3. Kuanzia wiki ya 13 meza Fansidar, vidonge 3 kwa pamoja, angalau mara 3, kila mara baada ya mwezi au zaidi. Kama unatumia Septrin, usimeze Fansidar; mweleze muuguzi.
4. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.

Ukitoka kambini kwenda Kampala, beba kadi yako ya kliniki. Vituo vya serikali, kama kile cha Kisenyi, huhudumia wakimbizi sawa na raia. Hospitali ya Kawempe hupokea wajawazito wenye matatizo makubwa.

Ukitokwa na damu, ukipata homa, kichwa kikiuma sana au mtoto akiacha kucheza, usingoje siku ya kliniki. Nenda leo.