Nani Anamsikiliza Mpagazi?

Saa nane za usiku, kwenye mteremko wa changarawe juu ya kambi ya Barafu, mgeni anaanza kupepesuka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Mwongozaji anajua maana yake: huenda ubongo umeanza kuvimba kwa uhaba wa oksijeni, na tiba ya kwanza ni kushuka. Wawili wanamshika kwapani na kumteremsha hadi palipo machela ya gurudumu moja. Hapo anafungwa mikanda, na vijana wanakimbia naye gizani, wengine wakivuta nyuma ili machela isiwaponyoke kwenye mawe. Mara nyingi mgonjwa hupona. Mara chache hufia mikononi mwao. Kwa vyovyote vile, baada ya siku chache utawakuta getini Machame, mizigo ikipimwa isizidi kilo 20, na nyimbo za kuwakaribisha wageni wapya zikiendelea.

Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, na shinikizo la hewa huko ni karibu nusu ya lile la usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, usingizi wake huvurugika: pumzi huenda mbio, husimama sekunde chache, kisha mwili hushtuka na kuamka. Mtu asiyelala vizuri hukosa nguvu ya kutuliza hofu na hasira. Juu ya hayo, kazi inamdai atabasamu. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliichunguza hali hii kwa wahudumu wa ndege na kuiandika mwaka 1983: kuna kazi ambazo mwajiri hununua pia hisia za mfanyakazi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba kuonyesha furaha usoni huku moyoni hakuna kitu kunaambatana na uchovu mkubwa wa akili. Dada wa mapokezi katika hoteli ya Nungwi, anayetukanwa na mgeni na kujibu kwa upole, anaijua hali hiyo bila kusoma kitabu chochote.

Halafu kuna fedha. Wapagazi wengi hulipwa kwa safari na hutegemea tipu. Mvua za masika zikianza, kazi hukatika, lakini ada za shule hazingoji. Mwaka 2020, Uviko ulipoishusha idadi ya wageni wa kimataifa Tanzania kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi kama 620,000, watu waliojenga maisha juu ya mlima huo walibaki na madeni. Sonona haitokani na ajali tu. Hukua pia ndani ya hesabu zisizotoshelezana.

Msaada gani unafaa? Kampuni nyingine, kwa nia njema, hufikiria kuwakusanya wote mara baada ya kifo na kumtaka kila mmoja asimulie alichokiona. Ushahidi unakataa. Uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na kwa baadhi ya watu kinaweza kuzidisha. Shirika la Afya Duniani linashauri huduma ya kwanza ya kisaikolojia: tazama nani ameumia, msikilize bila kumlazimisha kusema, muunganishe na msaada. Mpe nguo kavu, chai ya moto na simu ya kuongea na mkewe, na asilale peke yake. Wengi hupata nafuu taratibu. Ambaye bado anaota machela ile baada ya mwezi mmoja anahitaji mtaalamu.

Wataalamu hao ni wachache, lakini si lazima kila kikao kiendeshwe nao. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 mjini Harare kuwafundisha bibi wa mtaani kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio la watu 573 lilichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kwa waliopata huduma hiyo, na 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika hata Zanzibar.

Moshi haikosi wazee waliostaafu upagazi. Wanaujua mlima, wanayajua madeni, na kijana hataona aibu kukaa nao. Sharti moja naliona la lazima: mshauri asiwe mtu wa kampuni. Mpagazi akihofia kwamba siri yake itamfikia anayepanga safari, na jina lake lirukwe, hatasema neno.

Wenye kampuni za utalii, masika ndiyo nafasi yenu. Vijana wako nyumbani na magari yamepaki. Changieni mafunzo ya wazee hao kabla ya Juni, kisha waacheni wafanye kazi bila kuwaletea ninyi taarifa ya mtu yeyote.