Mgawaji wa Anwani na Awe Mmoja

Kuruta aingiapo kambini hupewa kitanda chenye nambari, na nambari ile huandikwa katika daftari. Wakiwapo watunza daftari wawili wasioshauriana, makuruta wawili watakutana usiku mbele ya kitanda kimoja, kila mmoja akishika karatasi ya haki yake. Fujo ya namna hiyo huingia majumbani mwetu siku hizi, wala hatulijui jina lake: kompyuta ya mtoto hukatika mtandaoni katikati ya masomo, printa hukataa kuitika, na lawama zote huangukia waya.

Kila chombo kilichofungwa kwa waya katika ruta sharti kiwe na anwani yake peke yake, yenye nambari nne zilizotengwa kwa nukta, kama vile 192.168.1.20. Zamani fundi aliziandika kwa mkono, chombo baada ya chombo. Mwaka 1993 ulitangazwa utaratibu uitwao DHCP, na kanuni zake zikaandikwa upya mwaka 1997. Kwa utaratibu huo kompyuta huita ikitafuta mgawaji, ruta hujibu kwa kutaja anwani moja, kompyuta huiomba, ruta huikubali na kuiandika. Anwani hiyo ni ya kuazima, si ya milele. Ikiwa muda wake ni saa 24, kwa kawaida kompyuta huomba kuongezewa zipitapo saa 12.

Kazi ya kupanga haimshindi baba wala mama mwenye subira. Funga kompyuta kwa waya katika tundu la LAN, si lile la WAN lipokealo waya wa kutoka nje. Fungua kivinjari, uandike anwani ya ruta iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1, kisha neno la siri. Neno lililotoka kiwandani libadilishe siku hiyo hiyo. Tafuta ukurasa wenye jina DHCP, uuwashe utaratibu huo, uandike anwani ya kwanza na ya mwisho za kugawa. Ukianza na 192.168.1.100 na kukoma 192.168.1.199, unazo anwani 100 za kuazimisha. Zilizo chini ya hapo, ukiacha ya ruta yenyewe, ziwekee vyombo visivyohamahama, kama printa. Hifadhi, kisha chomoa waya wa kompyuta na kuuchomeka tena.

Sasa tuje kwenye wale watunza daftari wawili. Wengi wapungukiwapo na matundu hununua ruta ya pili na kuichomeka tu, kumbe nayo pia hugawa anwani! Kabla ya kuiunganisha na ile ya kwanza, zima DHCP yake, uipe anwani ya 192.168.1.2 ili isigongane na mwenzake, ndipo uunganishe tundu la LAN la moja na tundu la LAN la nyingine.

Ukiona kompyuta ina anwani ianzayo na 169.254, fahamu kwamba imeita na hakuna mgawaji aliyeijibu. Kagua waya kwanza, kisha ruta.

Mwisho, ndugu msomaji, andika anwani za kudumu katika daftari la nyumba na kulitunza vema. Askari apelekwapo zamu ya mbali, mkewe na wanawe wasibaki wakimngoja yeye ili printa iitike.