Mtoto "Kutulia" Si Dalili ya Uchungu

Swali hili limeletwa tena wodini juma hili, na kama kawaida limeletwa likiwa limechelewa: "Nesi, tangu jana asubuhi mtoto hachezi. Mama mkwe anasema ametulia kwa sababu anajiandaa kutoka. Uchungu umekaribia?"

Hapana. Hakuna mtoto anayeacha kucheza kwa kuwa siku zake zimetimia. Hucheza mpaka siku ya kujifungua, na uchungu ukishaanza bado hucheza. Kweli, kuanzia wiki ya 36 hivi nafasi tumboni huwa finyu, hivyo mama huhisi zaidi mtoto akijigeuza na kujinyoosha kuliko kurusha mateke. Lakini kucheza kwenyewe hakupungui. Usingizi wake nao ni wa dakika 20 hadi 40, ni nadra kuzidi 90. Tangu jana asubuhi? Huo si usingizi.

Mtoto asiyepata oksijeni ya kutosha kutoka kwenye kondo la nyuma hupunguza kujongea, ili kidogo kinachofika kitumike kwenye moyo na ubongo. Anayeambiwa "anajiandaa" hukaa nyumbani saa zile zile ambazo tungeweza kumwokoa mwanawe. Naomba mama wakwe, mashangazi na majirani waache kabisa kauli hii. Na soda baridi au asali ya "kumwamsha" haitibu kitu. Inapoteza muda tu. Vifaa vidogo vya kusikilizia mapigo nyumbani ni hatari vilevile: unaweza kusikia mapigo yako mwenyewe ukadhani ni ya mtoto, na hata yakiwa yake, moyo unaweza kudunda huku amekwisha kuzidiwa.

Huna uhakika? Lala ubavu wa kushoto, weka simu kando, hesabu kwa saa 2. Usipohisi miondoko 10, nenda kituoni. Kama hachezi kabisa, usihesabu: nenda sasa hivi, hata iwe saa nane usiku. Mara nyingi tukipima tunamkuta salama, na mama anarudi kwake. Hujatusumbua.

Dalili za uchungu ni hizi. Ute mzito wenye michirizi ya damu waweza kutangulia kwa siku kadhaa, usikimbie. Maumivu ya kweli huja kwa mpangilio, hukaribiana na kuzidi hata ukitembea. Yakifika kila dakika 5 kwa saa nzima, nenda, na anayekaa mbali aondoke mapema zaidi. Chupa ikipasuka, nenda hata bila maumivu. Maji yakiwa ya kijani, au damu ikitoka nyingi, usisubiri hata kuoga. Kichwa kuuma sana, kuona maruerue, uso kuvimba: hiyo huenda ni presha inayoelekea kifafa cha mimba, nenda papo hapo. Kadi ya kliniki iwe mkononi. Na aliyewahi kujifungua kwa upasuaji asisubiri hizo dakika 5: uchungu ukianza tu, aondoke.