Alama Chini ya Bawa

Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Liuli kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni Rhoades wa Gwendolen hakuhitaji alama ili kuitambua. Meli za ziwani zilikuwa chache, na nahodha wa upande wa pili, Berndt, alikuwa rafiki yake.

Angani hakuna kujuana hivyo. Ndege hupita juu kwa sekunde chache, na mwenye bunduki huamua papo hapo.

Mwaka huohuo, huko Ulaya, Waingereza walichora bendera yao chini ya mabawa, lakini bado askari wao walizifyatulia risasi ndege zao wenyewe. Chanzo kilikuwa mpaka wa uwezo wa jicho. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili ikiwa pembe kati yao haipungui takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita 1,000, pembe hiyo ni sawa na sentimita 29 hivi. Katika bendera ya Uingereza yenye kimo cha mita moja, mistari myeupe inayopakana na msalaba mwekundu ina upana wa sentimita 7 hivi. Ukiwa mbali mistari hiyo hupotea, unabaki msalaba, na msalaba ndio uliokuwa alama ya ndege za Wajerumani.

Desemba 1914 Waingereza wakaiga duara za Wafaransa zilizotumika tangu 1912, wakageuza mpangilio: buluu nje, nyeupe ndani yake, nyekundu kitovuni. Duara haifanani na msalaba hata ikififia.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta mkanganyiko mwingine. Alama ya Wajapani ilikuwa duara nyekundu. Kwa hiyo mwaka 1942 Wamarekani walifuta nukta nyekundu katikati ya nyota yao, na Waingereza waliokuwa Asia nao wakaondoa nyekundu. Askari wa King's African Rifles (KAR), kikosi cha Waingereza cha Afrika Mashariki, wakiwemo wa kutoka Tanganyika, walipopigana Burma mwaka 1944, ndege za Waingereza zilizowasaidia hazikuwa na rangi hiyo katika duara zake.

Hata hivyo, rangi pekee haitoshi. Mwaka 1978, wakati wa vita na Idi Amin, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa Musoma na wapiga mizinga wetu wenyewe. Mtu anayetarajia adui humwona adui, hata alama iwe kubwa kiasi gani.

Ndiyo maana majeshi ya leo hutumia pia redio inayoiuliza ndege kwa ishara ya siri, na ndege ya upande wao hujibu yenyewe. Lakini redio nayo huharibika. Kinga ya kwanza ya rubani ni taarifa: aliye chini aambiwe mapema ni nani anakuja, saa ngapi na kutoka upande gani.