Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini maana yake ilinikaa barabara Julai ya mwaka 2024, nilipokwenda kumjulia hali dada yangu anayeishi Loresho, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi.

Loresho, msomaji mpenzi, ni mtaa wa nyumba zilizojificha nyuma ya nyua za miti, na baridi yake ya Julai si mchezo kwa mtu aliyezoea joto la Mombasa. Ukivuka barabara kuu ya Waiyaki waingia Kangemi, kwenye soko na nyumba zilizobanana. Watoto wa pande zote mbili husoma pamoja na mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, kijana alinijia na uso umemwiva.

"Mjomba, nifundishe kusema mbele ya watu."

"Kuna nini, mwanangu?"

Akanieleza. Yeye ndiye mwenyekiti mpya wa chama cha biashara cha wanafunzi. Chama kilianza na watoto kumi na wawili, kila mmoja akatoa shilingi 50. Mtaji huo walinunulia mabuyu kutoka Mombasa, yale mekundu ya iliki na pilipili, wakayafunga vipakiti na kuwauzia wenzao wakati wa mapumziko. Biashara ikanoga, wanachama wakafika arubaini. Kumbe fedha zote zilikaa mfukoni mwa mwenyekiti wa kwanza, bila daftari. Akawakopesha rafiki zake, nao wakawakopesha rafiki zao. Siku ya kuhesabu, zaidi ya shilingi 2,000 hazikuonekana.

Kesho yake palikuwa na mkutano. Baadhi walitaka chama kivunjwe. Wengine walitaka hasara ilipwe kwa kukopesha wanafunzi: uchukue 50, urudishe 60 baada ya juma moja.

"Hiyo si riba, mjomba?"

"Ni riba."

"Lakini wengi wao si Waislamu. Nikisema riba, watasema naleta dini yangu chamani."

Basi nikamhadithia aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa chuoni Mombasa, tulikuwa na kijichama cha kuuza kashata, na mshika fedha nilikuwa mimi. Fedha zikaniteketea mkononi, leo senti kumi, kesho senti kumi, nikijiambia kwamba nitarudisha. Sikurudisha. Maalimu alipojua, hakuniinulia bakora. Alinifungulia Suratul Baqara, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, akanieleza kuwa inahusu kuandika deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo. "Mola amelipa deni nafasi yote hiyo," akaniambia, "na wewe umeona uzito kuchukua kalamu?"

"Kwa hiyo," nikamwambia mpwa wangu, "usiende na hukumu. Nenda na daftari."

Tukakaa na kalamu hadi usiku mkubwa. Kumi juu ya hamsini ni sehemu moja katika tano, tena kwa juma moja tu. Mtoto aliyeshindwa kurudisha 50 atatoa wapi 60? Atajificha, atahama benchi, na chama kitakosa fedha na rafiki pia. Ipo njia ambayo wazee wetu huiita mali kauli. Mwanachama hupewa vipakiti kwa kauli yake, akauze, arudishe mtaji, na faida igawanywe kama ilivyoaganwa. Hasara ikitokea bila uzembe wala hila, mwenye mali aibebe. Ndiyo mudharaba ya vitabuni, na ndivyo Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alivyofanya biashara kwa mali ya Bi Khadija, huku watu wakimwita Al-Amin. Hapa Kenya benki za kufuata sharia zilianza kazi mwaka 2008.

Wala uaminifu wa hesabu si mali ya watu wa dini moja. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, miongoni mwao wafumaji wa nguo, walichanga wakafungua duka la unga, siagi na sukari. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, na ziada waliigawa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Kenya nayo ina vyama vya shule vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanza mwaka 1962 kuwafunza watoto kilimo, vikafifia, kisha vikafufuliwa mwaka 2021.

Siku ya pili mwalimu mlezi wa chama aliniruhusu kuketi nyuma ya darasa. Kijana alisimama, sauti ikimtetemeka, akasema atasoma majina ya wanaodaiwa. Jina la kwanza lilikuwa lake mwenyewe: shilingi 150. Wallahi nilishtuka, kwani usiku kucha hakunitajia! Akazitoa mfukoni, akaziweka mezani, akaomba radhi.

Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja akasimama: "Mimi 80." Akafuata mwingine, na mwingine. Mwenyekiti wa kwanza aliinama, akaomba apewe muda hadi mwisho wa muhula, akapewa, na ahadi yake ikaandikwa mbele ya wote. Mpango wa 50 kwa 60 ulipigiwa kura ukaanguka. Wakakubaliana kwamba mmoja ashike fedha, mwingine daftari, wa tatu bidhaa. Hesabu zisomwe kila Ijumaa. Na uongozi ubadilike kila muhula. Kila mwanachama apewe kazi, maana asiye na kazi ni mtazamaji tu, na watazamaji hawakuzi chama.

Fedha zote hazikurudi, na wanachama wanane walijitoa. Lakini wale thelathini na wawili waliosalia walijua kila senti ilipo.

Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza kwa nini alinificha deni lake.

"Niliona haya, mjomba. Ulipotaja kashata, haya ikanitoka."

Enyi wazazi wenzangu wa pwani, watoto wetu wanapoanza vijibiashara shuleni, tumezoea kuwauliza: umepata ngapi? Tuwaulize kwanza: daftari liko wapi? Na kama nasi tuliwahi kuzila kashata za wenzetu, tusione haya kuwaambia.