Usawiri wa Ukoka katika Majalada ya Magazeti ya Marekani na Ujumi wa Uwanja Uliofagiwa Ilemela

1.0 Usuli
Makala hii inafafanua namna ukoka wa mbele ya nyumba ulivyosawiriwa katika majalada ya The Saturday Evening Post la Marekani katika miaka ya 1940 na 1950, kisha inaulinganisha na uwanja uliofagiwa wa makazi ya Ilemela, Mwanza. Hoja ya msingi ni kwamba unadhifu wa uwanja ni dhana ya kiutamaduni, na picha huweza kuifanya dhana ya kundi moja ionekane kuwa kipimo cha watu wote.

2.0 Ukoka Jaladani
Wachoraji kama John Falter na Stevan Dohanos walijikita katika maisha ya kawaida ya miji midogo na vitongoji: nyumba, majirani, watoto na kazi za nje. Usawiri huo ulikwenda sambamba na upanuzi wa vitongoji baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko Levittown, New York, kulikoanza kujengwa mwaka 1947, wakazi walitakiwa kukata nyasi kila wiki katika msimu wa kuota kwake. Mikataba ya awali iliwazuia wasio Wazungu kuishi humo, isipokuwa watumishi wa nyumbani. Norman Rockwell, aliyelichorea gazeti hilo majalada zaidi ya 300 kuanzia mwaka 1916, alieleza baadaye kwamba aliwahi kuagizwa asiwachore watu weusi isipokuwa katika kazi za utumishi. Hivyo basi, jalada na mkataba viliruhusu mtu mweusi aingie kwa mlango uleule mmoja.

3.0 Uwanja Ilemela
Katika miji ya Tanganyika ya kikoloni, uzunguni ulitofautishwa na uhindini na uswahilini. Ukoka wa uzunguni ulitunzwa na mtumishi Mwafrika ambaye, hata akiwa mtu mzima, aliitwa “boi”. Kinyume chake, uwanja wa udongo uliofagiwa asubuhi ni sehemu ya kazi: huanikwa dagaa au mihogo, huketiwa na wageni, na nyoka huonekana mapema. Aidha, hauhitaji kumwagiliwa wakati wa kiangazi cha Juni hadi Septemba. Hata hivyo, haufai kutukuzwa bila tahadhari. Mzigo wa kuufagia huwaangukia zaidi wanawake na wasichana, na kwenye miteremko ya vilima vya mawe udongo usio na majani huchukuliwa na mvua hadi ziwani.

4.0 Hitimisho
Suala hili lina uzito katika upangaji wa makazi. Mchoro wa mpangaji ukichukulia ukoka kuwa alama ya ustaarabu, kaya inayofagia uwanja wake kila siku huweza kuhesabiwa kuwa chafu. Inapendekezwa kwamba kila mchoro usomwe kwa maswali matatu: nani atamwagilia, nani atainama kufanya kazi, na nani hakuchorwa.